Plagi kwenye Pindo la Khanga

Kabla hatujaisogelea Meza ya Bwana leo, nipeni muda kidogo niwapeleke shambani. Mwenye simu aizime. Na wewe mama mwenye mtoto anayelia, usitoke nje, kaa tu. Mtoto wako hajawahi kunisumbua kama wanavyonisumbua watu wazima wanaosinzia.

Palikuwa na kikundi cha wakulima wa bonde moja, kaya kumi na mbili. Bonde lao ni la mfinyanzi, ule udongo mweusi ambao ukiloa unakuvua kiatu, na ukikauka jembe linadunda juu yake. Watu hao walilima kwa mkono tangu enzi za babu zao. Basi wakajinyima misimu minne, hiki hawali, kile hawavai, hadi wakafika mahali pa kununua trekta dogo, lile la kutosha vishamba vidogo kama hivi vyetu.

Wakakaa kikao kwenye ghala lao, na ajenda ikawa moja tu: tununue la petroli au la dizeli? Naona mnatabasamu. Mtu anayeishi kwa jembe hatabasamu kwa swali hilo. Wengine walisema petroli, maana injini yake ni nyepesi, inawaka upesi, na kila mwenye pikipiki anaielewa. Wengine wakasema dizeli, lakini hawakuweza kueleza kwa nini. Wakabishana hadi jua likapinda. Mwishowe akasimama mama mmoja mjane, aliyekuwa anaendesha mashine ya kusaga kwa mkono wake miaka kumi na tisa tangu mumewe afariki. Kama kuna mtu bondeni aliyeijua injini, ni yeye. Hakusema mengi. Aliwaambia dizeli ni kama ng'ombe mzee wa kulimia: haendi mbio, lakini hakuachi katikati ya shamba.

"Udongo wetu hautaki mbio," akasema. "Unataka mvutaji mwenye subira."

Wakanyoosha mikono. Dizeli ikapita. Wakamtuma mwenyekiti wao aende mjini kulinunua trekta.

Sasa huyo mwenyekiti msimdhanie vibaya, maana najua mmeshaanza. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kuamka mapema, mtu wa sala, mtu ambaye ukimwachia ghala wazi unakuta kila gunia mahali pake. Watu walimwita Utaratibu, kwa sababu neno lake kila siku lilikuwa hilo, utaratibu ni utaratibu. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: hakupenda kuchekwa. Lakini hebu tuulizane, ni nani humu ndani anayependa kuchekwa?

Akafika mjini asubuhi ya baridi, baridi ile ya milimani ambayo mtu anaongea na mvuke unamtoka kinywani. Muuzaji wa matrekta akampokea vizuri, akamweleza tofauti bila haraka. Petroli inawashwa na cheche inayotoka kwenye plagi, kama pikipiki. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani mpaka inapata joto, na mafuta yanawaka yenyewe. Ndiyo maana asubuhi ya baridi dizeli inataka kungojewa. Ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza, taa ndogo ya njano inawaka. Usiendelee. Ngoja izime ndipo umalizie. Yule mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa. Mnajua kile kichwa cha mtu anayeitikia huku hasikilizi? Nakiona kila Jumapili.

Akapanda kwenye trekta la dizeli. Pembeni walikuwapo wapakiaji mizigo, madereva wakinywa chai, na mama mwenye vitumbua. Akazungusha ufunguo hadi mwisho. Injini ikakoroma, ikanyamaza. Akazungusha tena. Ikakoroma, ikanyamaza. Mpakiaji mmoja akasema hiyo si njiti ya kiberiti, mzee, na wote wakacheka, hata mama wa vitumbua. Muuzaji naye, kwa upole wake, akamwambia mbele ya watu kama anavyoambiwa mtoto, "Baba, nilikuomba uingoje taa."

Uso ukamwaka moto. Angengoja kidogo tu, muda wa kuhesabu hadi kumi na tano, lile trekta lingewaka na hadithi hii isingekuwapo. Lakini mtu mzima aliyechekwa hana sekunde kumi na tano. Akashuka. Akaliendea lile jekundu la petroli lililokuwa kando, akapanda, akagusa ufunguo, likawaka papo hapo. Lilikuwa linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Wale madereva wakaacha kucheka. Mmoja akasema, sasa umeweza, mzee.

"Hili," akasema mwenyekiti.

Muuzaji hakuwa mtu wa kuuza tu na kusahau. Akamuuliza, udongo wenu wa namna gani?

Hapo, ndugu zangu, mlango wa kwanza ulikuwa wazi kabisa. Mtu alipaswa kusema neno moja tu, mfinyanzi, na muuzaji angemrudisha kwenye dizeli kwa heshima, na wala asingechekwa zaidi ya alivyochekwa. Lakini ingembidi apande tena lile trekta mbele ya wale wale watu, aingoje ile taa wakimwangalia.

"Kichanga," akasema.

Kama ni kichanga, muuzaji akasema, basi petroli itawafaa.

Njiani, akiwa amekaa kwenye lori na trekta limefungwa kamba nyuma, alijipangia maneno. Alikusudia kweli kuwaambia. Angesema dizeli zilikuwa zimekwisha. Hapana, huo nao ni uongo. Angesema amebadili mawazo. Lakini yeye ni nani wa kubadili kura ya watu kumi na wawili? Angewaambia amechekwa. Hapo akaona afadhali atafune misumari. Bado anajipanga, lori likafika bondeni, na watu walikuwa wamejaa barabarani kwa vigelegele. Wazee walikuwa wamevaa makoti ya harusi. Trekta liliposhushwa, yule mama wa mashine ya kusaga akasogea, akaweka kiganja kwenye boneti, akalipapasa kama mtu anayempapasa mjukuu aliyerudi kutoka hospitali.

"Ndiyo dizeli yetu hii?" akauliza.

"Ndiyo," mwenyekiti akasema.

Alisema hilo tu, neno lenyewe hata pumzi halichukui. Alipoliwasha ili watu wafurahi, yule mama akainamisha kichwa akasikiliza, akasema mbona linanong'ona, dizeli si inagonga? Mwenyekiti akamjibu kwamba dizeli za siku hizi hazina kelele. Na yule mama, mwenye miaka kumi na tisa ya kusikiliza injini, akaacha kuyaamini masikio yake mwenyewe akaliamini neno la mwenyekiti wake. Hapo ndipo mimi huona uchungu zaidi. Uongo haukumkuta mtu mjinga. Ulimkuta mtu anayejua, ukamfanya ajione hajui.

Tangu siku ile mwenyekiti akawa mtumwa wa lile neno. Akatangaza kwamba mafuta atajaza yeye peke yake, ili kuwe na utaratibu. Kuendesha ataendesha yeye. Kuosha, yeye. Aliamka kabla ya wenzake akajaza tangi wakati hakuna pua karibu, na dumu akalifunika kwa gunia. Watu wakamsifu. Katika maombi ya kikundi walimtaja: Mungu mbariki mwenyekiti wetu anayejitoa. Kila sifa ilimchoma kama mwiba wa samaki kooni, na hakuweza kuutema mbele ya watu.

Na trekta lenyewe? Mfinyanzi hauna aibu ya mtu. Lilipoingia kwenye udongo mzito lilihema, likazunguka magurudumu, likataka kuzimika. Basi akawa analiinua jembe lake lisizame. Likawa linakwaruza juu tu, kama kuku. Walipomuuliza, aliwaambia kulima juu juu ndicho kilimo cha kisasa. Wakaamini. Na hilo likawa jingine juu ya yale mengine.

Walikuwa wamepiga kura ya zamu, na yule mama akapata zamu ya tisa. Siku yake ilipofika mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa milimani, na shamba lake lilikuwa chini kabisa, mahali udongo ulipo mzito kuliko kote. Mwenyekiti alilima asubuhi nzima kwa shida. Mchana akaitwa barabarani, kuna mgeni wa kata anamtafuta. Akaliacha trekta shambani, akaenda.

Yule mama akabaki analitazama. Akawaza, mtu huyu anatuhangaikia kila siku, mafuta yeye, kuendesha yeye. Mimi nimpe nini? Akaenda nyumbani kwake kwenye mashine, akachota dizeli dumu dogo, akaichuja kwa kitambaa cheupe mara mbili kama alivyozoea, maana mashine yake ilidumu miaka yote hiyo kwa sababu ya kitambaa hicho. Akarudi nayo kichwani. Akafungua tangi, na kwa kuwa mikono na khanga yake vilikuwa vinanuka dizeli aliyoichota, hakusikia harufu nyingine, akamimina yote. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa shukrani yake.

Mwenyekiti akarudi, akapanda, akawasha. Trekta likaenda hatua kama ishirini, likakohoa, likatoa moshi mweupe, likazimika. Akawasha tena, likakataa. Akashuka, akafungua kifuniko cha tangi, na harufu ikamwambia kila kitu kabla hajauliza. Akauliza hata hivyo nani amegusa tangi. Yule mama akasema ni yeye, amemwongezea dizeli kidogo, alitaka kumsaidia.

Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika na majembe yao begani. Mlango wa pili huo, mnauona? Ulikuwa mpana, nao ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwanza. Wakati ule alikuwa anaogopa kicheko cha watu asiowajua. Sasa walikuwa watu wake.

Akasema, "Mama, dizeli yako ilikuwa chafu. Umeliua trekta la watu."

Yule mama alikiangalia kile kitambaa chake cheupe kilichokuwa bado mkononi.

Sasa kikundi kilikuwa na sheria, na sheria hiyo aliiandika mwenyekiti mwenyewe: anayeharibu chombo kwa uzembe anakosa zamu yake msimu huo, na zamu inapita kwa anayefuata. Wakapanga kikao siku ya tatu. Mwenyekiti akasema ataleta fundi wake kutoka mjini, na hadi hapo mtu yeyote asiliguse.

Lakini yule mama hakuweza kungoja. Neno lile la dizeli chafu lilikuwa limeshafika kwa wateja wake kabla yeye hajafika nyumbani. Asubuhi iliyofuata akamwita fundi wa mashine yake ya kusaga, akashuka naye shambani wawili tu. Fundi akafungua, akatazama, akakaa chini. Akamwonyesha. Kisha akamwaga mafuta yote, akasafisha, akafunga kitu kipya, akatia mafuta yanayostahili, na trekta likawaka. Yule mama akamwomba asimwambie mtu.

Siku ya kikao ghala lilijaa. Yule mama akasimama bila kuitwa. Akasema trekta limepona, fundi wake amelitengeneza. Mwenyekiti aliposikia kwamba fundi amelifungua, aliinua kichwa ghafla. Akamtazama yule mama usoni, anatafuta kama anajua. Uso wa yule mama ulikuwa mtulivu, hauna hasira, hauna hila. Mwenyekiti akajiambia, hajui. Nimepona.

Kisha yule mama akasema, "Nimesimama kuomba msamaha. Ni kweli niliweka dizeli kwenye trekta letu. Kosa ni hilo, niliweka dizeli. Mwenyekiti analijua kosa hilo kuliko mtu yeyote hapa. Ninamwomba aseme yeye."

Akamngoja. Alimngoja muda mrefu kidogo, kama mtu anayengoja taa izime. Katibu akasema, haya mwenyekiti, toa neno.

Akasimama. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo baya.

"Mama ametubu," akasema, "na sisi ni watu wa Mungu. Tumekusamehe, Mama. Ila utaratibu ni utaratibu. Zamu inapita kwa anayefuata."

Watu wakapiga makofi. Wakasema mwenyekiti ana moyo. Yule mama akasema ahsante, akaketi. Wakafunga kwa sala, na sala aliiongoza mwenyekiti.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mama alibaki mlangoni. Mwenyekiti akafunga ghala, akageuka, akamkuta amesimama pale. Akamwona anafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, pale mama zetu wanapofunga vitu vyao vya thamani. Mwenyekiti alidhani anataka kumpa kitu cha kumshukuru. Yule mama akamwekea kiganjani kichuma kidogo chenye shingo nyeupe ya kauri, ncha yake imeungua nyeusi. Kilikuwa kimefutwa vizuri.

"Fundi ameitoa kwenye trekta letu," akamwambia. "Mashine yangu ni ya dizeli, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa sijawahi kuinunulia hii."

Mwenyekiti akaitazama plagi.

"Nilisimama pale ili upate pa kuanzia," yule mama akasema. "Nilidhani utaanza." Kisha akajitanda khanga yake. "Mimi kesho naanza kulima kwa jembe la mkono. Kusema, sitasema. Si langu la kusema."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Mwenyekiti akabaki mlangoni pa ghala na plagi mkononi. Aibu aliyoikimbia mjini, ile ya wapakiaji na mama wa vitumbua, ilikuwa ya dakika moja. Angeiacha pale pale akapanda lori. Aliibeba akaja nayo nyumbani, akailisha, akainywesha, na sasa imekuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa amesimama mbele ya watu wa Mungu akamsamehe mtu mwingine dhambi yake yeye. Na wakampigia makofi.

Sasa, pale mlangoni kuna ringi ya gari imening'inizwa kwa waya, na nondo fupi kando yake. Ndiyo kengele yao. Ukiigonga mara tatu, bonde lote linajua kuna kikao. Na wale watu walikuwa hawajafika mbali. Migongo yao ilionekana inapanda njia, na sauti zao bado zinasikika. Mawingu yalikuwa yameshakaa milimani. Mvua haingoji mtu.

Mnaniangalia. Mnataka niseme kama aliigonga.

Sitasema. Nikiwaambia aliigonga, mtakwenda nyumbani mmefurahi kana kwamba mmeigonga ninyi. Nikiwaambia hakuigonga, mtakwenda mnamchukia, na kuchukia dhambi ya mtu mwingine ndiyo toba rahisi kuliko zote. Hata mimi naiweza kabla ya kunywa chai. Wiki nzima nimekaa na mfano huu, na nawaambia ukweli, nimeona haya kuusimulia, kwa sababu nimejikuta ndani yake mahali ambapo sikupenda kukaa. Nilikuwa namtafuta mwenyekiti huyo kati yenu. Nikamkuta amevaa joho langu.

Sisi, wapendwa, ndio tunaojua udongo wetu ni mfinyanzi na tunasema kichanga, ili tusichekwe. Tunawaambia wake zetu kwamba masikio yao yamekosea. Tunawafokea watoto kwa kuvunja kitu tulichokiunga kwa gundi sisi wenyewe jana yake. Tunakaa mbele, tunaongoza sala ya kufunga. Halafu anasimama mtu mdogo kuliko sisi, anatuomba msamaha wa kosa letu, na tunampa. Tunampa kwa sauti isiyotetemeka. Ni nani kati yetu hajawahi kumsamehe mtu hivyo? Ni nani leo analimiwa shamba kwa trekta, na aliyemsamehe analima kwa mkono?

Labda umekaa naye benchi moja. Labda yuko nyumbani, amekataa kuja, na sisi tumeandika kwamba amepoa kiroho.

Meza iko tayari, wala siifuniki. Lakini sitaanza sasa. Nimemwomba mzee wa kanisa afungue milango yote miwili, na kwaya isiimbe kwanza. Anayetaka kutoka nje kidogo, atoke, tutamngoja. Anayetaka kumgusa aliyekaa karibu naye bega na kumwambia neno, amwambie. Mimi mwenyewe nashuka hapa madhabahuni, maana yuko mama mmoja katika kiti cha nyuma ambaye mwaka jana nilimsamehe.